Panya wa Majivu na Panya wa Sabuni

Mwaka jana chuo kilituita chai, sisi wafanyakazi wa zamani wa idara, na tuliobaki tulitosha meza mbili. Daktari Kizito alikuwa amekuja kutoka ng'ambo kwa wiki mbili tu, kichwa cheupe, suti imemzidi, mkwewe akimshika mkono kwenye kila ngazi. Nilidhani hatanikumbuka. Nilipomkaribia na kikombe changu alinitazama kwa muda, kisha akawaambia wakubwa waliomzunguka, "Huyu mama ndiye aliyeniharibia jaribio langu kwa sabuni." Wakacheka kwa adabu bila kujua wanacheka nini. Nikamwambia, "Daktari, hukuwahi kunikataza sabuni." Akasema, "Ningekukatazaje kitu ambacho nchi nzima haikuwa nacho?" Hapo tukacheka sisi wawili, chai ikamwagika kwenye sahani, na nilipofika nyumbani nikatafuta daftari.

Nitaandika mwaka mmoja tu. Habari za kwetu, nilizaliwa wapi na baba alikuwa nani, naziacha. Kila mtu ana kwao. Inatosha mjue kwamba ilikuwa Kampala, miaka ya sabini, wanajeshi wametawala, mimi nina miaka ishirini na miwili, nimemaliza sinia foo, yaani kidato cha nne, nina mtoto wa mwaka mmoja aitwaye Rehema, na nina hasira. Wazee wenzangu wakikumbuka ujana wao husema walikuwa wapole. Mimi nilikuwa naamka nimekasirika. Nilikasirikia foleni, nilikasirikia chumvi iliyopotea madukani, nilimkasirikia mume wangu kuliko vyote. Kazini hasira ilipungua, na ndiyo maana nikikumbuka mwaka ule, ajabu, nakumbuka raha.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza panya. Chumba chao kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, dirisha moja linaloangalia migomba, rafu za mbao ukutani, na juu yake vizimba vilivyotengenezwa kwa madebe ya mafuta ya kula. Panya walikuwa weupe, macho mekundu, wasafi kuliko watu wengi niliowajua. Ndani ya kila kizimba kipande cha bati kilichomoza ukutani, tulikiita ulimi. Panya akiubonyeza ulimi, taa ndogo inawaka, mota inalia nyii, na bomba la sindano linasukuma tone la dawa kwenye mpira mwembamba ulioingia mshipa wa shingo yake. Dawa ilikuwa kokeni, ileile ambayo madaktari wa macho walikuwa wakiitumia kutia ganzi jicho. Daktari alikuwa na chupa moja ndogo, aliyoipata kabla mambo hayajaharibika, na aliifungia kwenye kabati la chuma lenye funguo mbili. Panya walijifunza haraka. Baada ya siku chache ukiwaweka humo wanakwenda moja kwa moja kwenye ulimi kama watu wanaokwenda kazini.

Daktari hakutaka kujua jinsi wanavyoanza. Alitaka kujua jinsi wanavyoacha. Kwa hiyo ilifika siku akatoa dawa kwenye mabomba na kuweka maji ya chumvi. Taa inawaka vilevile, mota inalia vilevile, lakini hakuna kitu. Siku ya kwanza panya walibonyeza kwa hasira, wengine wakauuma ulimi. Siku zilizofuata wakapunguza, wakapunguza, mpaka wakawa wanaingia kizimbani, wananusa, wanajilamba mikono na kulala. Daktari aliita hali hiyo kuzimika. Kazi yangu ilikuwa kuwalisha, kuosha vizimba, na kuandika katika daftari kila panya amebonyeza mara ngapi. Nilipoieleza kazi hiyo nyumbani, jirani aliniambia, "Kumbe serikali inalevya panya na sisi hatuna sukari."

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Mzee Kaggwa, fundi wa maabara, Muganda wa makamo aliyevaa koti jeupe lenye viraka vya khaki. Daktari naye alikuwa Muganda, na mwanzoni Kiswahili kilimkaa mdomoni kama mfupa wa samaki. Nilielewa. Kampala siku zile Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Ukikisikia, unatafuta kitambulisho mfukoni. Lakini Kiluganda changu kilikuwa cha sokoni tu, na Kiingereza alikitumia kwa wanafunzi, basi na mimi akajilazimisha Kiswahili, polepole, mpaka siku moja akanitania kwacho nikajua kimeingia. Mchana Mzee Kaggwa aliwasha sigiri, jiko la makaa, nyuma ya jengo, akapika mihogo au matoke na mchuzi wa karanga, na tukanywa chai isiyo na sukari kwa vyombo vya kioo vya maabara vyenye mistari ya vipimo. Panya walipewa mahindi na mukene, wale dagaa wa ziwani. "Nyabo, wewe angaria," Mzee Kaggwa alikuwa akiniambia, akiniita bibi kwa Kiluganda chao, "hii panya nakula mukene kila siku. Mimi nakula Jumapiri." Daktari anamjibu, "Ingia kizimbani, Mzee, nikuandikishe." Tunacheka, halafu mtu anapita korido na viatu vizito, tunanyamaza wote na kutazama sahani. Ofisi mbili za korido ile zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa pili, majina yako mlangoni, na hakuna aliyeuliza wenyewe wamekwenda wapi.

Nyumbani palikuwa Kawempe, chumba kimoja katika mstari wa vyumba sita. Mume wangu, Ramadhani, alikuwa fundi wa magari jeshini, mikono yake haitoki grisi hata Ijumaa. Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa Mama Faida, muuza waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Kila Jumamosi mchana aliburuta benchi lake nje, likakwaruza saruji, na wanaume wa mstari mzima wakatoka kama wameitwa kwa kengele. Ramadhani alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuinuka. Nilivumilia maneno, nilivumilia mshahara kuyeyuka. Siku moja nikarudi kutoka soko la Kalerwe na kikapu cha viazi nikamkuta Rehema amekaa peke yake kando ya sigiri, kiganja cha kushoto kimeungua, sauti imemkauka kwa kulia, na baba yake amelala mlangoni na kofia ya jeshi usoni. Alipozindukana nilimwambia neno moja. "Siku nyingine ukinywa, nachukua mtoto, nakwenda Arua kwa dada yangu. Sirudi. Na sitakuonya tena." Alikaa akitazama bendeji ya mtoto mpaka uji ukapoa.

Wiki ile ile kikosi chake kilimpeleka Masindi kutengeneza malori. Alikaa miezi mitatu. Mara mbili dereva alipita kuniletea asali ndani ya kopo la rangi na ujumbe uleule: "Baba Rehema anasema hajaonja." Sikuamini, lakini aliporudi alikuwa amenenepa shingo na macho yake yalikuwa meupe. Siku kumi alikuwa mume. Alitengeneza bawaba ya mlango, alimpikia Rehema uji, akamfundisha kusema "lori". Jumamosi ya pili nikaenda kuchota maji. Niliporudi yuko kwenye benchi la Mama Faida, anaimba.

Kesho yake, amepona ulevi, tuligombana kwa sauti za chini kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba.

"Masindi nilikuwa sina hata hamu," alisema. "Waragi ilikuwepo, Mama Rehema. Watu wanakunywa mbele yangu, mimi nakula muhogo."

"Na hapa?"

"Hapa nimesikia tu benchi linaburutwa. Miguu ikaenda."

"Miguu! Miguu yako ina mdomo?"

"Mimi nakwambia kilichotokea."

"Mwongo. Ulikunywa Masindi na umekunywa hapa."

Nikafunga nguo za mtoto ndani ya kitenge. Basi la Arua nililolijua lilikuwa la Ijumaa. Nilijipa siku hizo nimalize wiki kazini, kwa sababu panya hawana kosa.

Sasa mje kwenye sabuni. Kule maabara tulikuwa tukioshea vizimba kwa sabuni nyekundu ya mche, yenye harufu kali ya hospitali. Ilipokwisha, stoo wakasema hakuna, na madukani vilevile. Nikafanya kama kila mwanamke mjini: nikachoma maganda ya ndizi, nikachukua majivu, nikasugulia majivu na mchanga. Hiyo ilikuwa wiki ileile Daktari alipoanza maji ya chumvi. Hakuna aliyefikiria lolote. Panya walizimika ndani ya vizimba vya majivu, na sisi tukadhani wamezimika tu.

Jumamosi ile ya ulevi, asubuhi, nilikuwa nimesimama foleni saa nne nzima na Rehema mgongoni, nikapata mche mmoja wa sabuni nyekundu. Jumatatu niliukata kwa uzi, nikapeleka nusu kazini. Mtu atauliza, sabuni ya nyumbani, ya kuipata kwa jasho, unaipeleka kwa panya? Niliipeleka. Madebe yalikuwa yamefanya rangi ya masizi, Daktari alikuwa amelalamika harufu, na mimi nilikuwa naondoka Ijumaa nikitaka niache chumba kinang'aa. Na tena nilikuwa na hasira inayohitaji mikono. Nilivisugua vizimba vile kama nasugua uso wa mtu.

Jumanne tukawaingiza panya. Maji ya chumvi kwenye mabomba, kama kawaida. Nikakaa na daftari. Panya wa kwanza akanusa, akasimama, akaenda kwenye ulimi akabonyeza. Akabonyeza tena. Wa pili naye. Mota zikaanza kulia chumba kizima, nyii, nyii, panya waliolala wiki nyingi wanabonyeza kama wamefufuka, nami naandika mpaka penseli inakatika. Daktari akaja mbio. Alifunga mlango kabla hajasema neno.

"Nani amefungua kabati?"

Alidhani mtu ametia dawa kwenye mabomba. Nataka mwelewe: chupa ile ilikuwa mali ya serikali. Siku zile kitu kama hicho kikipotea, hakibaki kati yako na bosi wako. Wanakuja watu na gari lisilo na namba. Daktari alitoa funguo zake mbili, akafungua kabati, akaipima chupa kwenye mizani, akatazama karatasi yake, akaipima tena. Haikupungua hata chembe. Mzee Kaggwa alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Kisha akainama kwenye kizimba, akaingiza pua ndani.

"Nyabo. Umeoshea nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani?"

"Nyekundu. Ya foleni. Kuna ubaya gani? Nimetoa yangu!"

"Banange," Mzee Kaggwa alishangaa kwa lugha yao. "Daktari, sikia hii harufu. Hii ni harufu ya zamani. Ya wakati ure wa dawa."

Daktari alinusa kizimba, akanusa mikono yangu bila kuomba ruhusa, akakaa kwenye stuli. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mtu aliyetoka kuona kifo chake kikipita dirishani. Siku iliyofuata akanifanya nioshe nusu ya vizimba kwa majivu na nusu kwa sabuni, halafu tukawabadilisha panya vizimba. Walewale. Panya akiingia kwenye majivu, analala. Ukimtoa ukamtia kwenye sabuni, anabonyeza.

"Kwa hiyo hawakusahau?" nilimuuliza.

"Hawakusahau, Mama Rehema. Wamejifunza kwamba penye majivu hakuna kitu. Kuhusu penye sabuni hatukuwaambia lolote."

Nilisimama pale na kitambaa cha kufutia mkononi. Ramadhani alikuwa amezimika Masindi. Nilimwita mwongo, na hakuwa amesema uongo. Alinieleza jambo lake sawasawa kama lilivyo, benchi, miguu, yote, nami nikamcheka miguu yake. Si kwamba hasira iliisha. Kiganja cha mtoto kilikuwa bado kina ngozi mpya ya waridi. Lakini hasira ikahama ilipokuwa imekaa, na mpaka leo sijui mwalimu mwingine ambaye angeweza kuihamisha.

Alhamisi nikamleta Ramadhani maabara. Alikuja na ovaroli, akidhani nimemwitia jambo la kumfedhehesha, na alipoona vizimba akageuka kuondoka. "Umenileta nione panya?" Kisha mota ikalia, naye akasimama kama mtu aliyeitwa jina. "Hii iko mota ya waipa!" alisema. "Mota ya waipa ya Landrova, ya kufuta kioo! Nani amefunga hivi? Waya yake nachomeka vibaya." Mzee Kaggwa, aliyeifunga, alikohoa. Dakika tano wako wote wawili chini ya meza na bisibisi, Daktari anashika tochi. Ndivyo Ramadhani alivyokuja kuketi mbele ya vizimba, kwa ajili ya mota, na akaanza kuwatazama panya bila kulazimishwa.

"Huyu anapata nini?" aliuliza.

"Maji ya chumvi," nikasema.

"Na anajua?"

"Kwingine anajua, ana wiki nyingi. Hapa hajui."

Akanyoosha kidole. "Na yule pale, mbona amelala?"

"Huyo tumemwoshea kwa majivu. Huyu kwa sabuni. Dawa walipewa kwenye harufu ya sabuni." Neno lililofuata sijazoea kulisema. "Nilikuita mwongo, Baba Rehema. Nilikosea hapo. Mengine yote sikukosea."

Aliendelea kutazama. Panya wa sabuni alibonyeza, taa ikamwangaza puani. "Basi tuhame," Ramadhani akasema.

Ijumaa basi la Arua liliondoka bila mimi. Mwisho wa mwezi tulihamia upande wa Kyambogo, chumba nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja, chenye dirisha linalofunga na jirani anayefuga sungura. Ramadhani alikwenda kazini kwa njia ya mzunguko, nusu saa zaidi kwa miguu, asipite Kawempe. Jumamosi mchana alikuwa hana la kufanya na mikono yake, basi akamtengenezea Rehema lori la bati ambalo magurudumu yake yalikuwa vifuniko vya chupa za soda. Nakumbuka chumba kile kuliko nyumba hii niliyojenga. Nakumbuka maharage kwenye sufuria iliyopinda, redio chini kabisa, na mume wangu anayenisimulia giaboksi kana kwamba ni mkasa.

Sikujidanganya, kwa sababu nilikuwa naandika daftari. Daktari alikuwa ameona kwamba kuwahamisha panya hakutoshi. Huwezi kumweka panya kwenye majivu maisha yake yote. Akaanza upya. Kila siku, vizimba vya sabuni, taa, mota, kila kitu cha zamani, na maji ya chumvi tu. Nusu yangu ya mche ikaishia huko, na nyingine pia. Walibonyeza siku nyingi. Mwishowe wakalala hata kwenye sabuni. Nilishangilia, nikapiga makofi. Daktari akasema, "Ngoja." Akachukua panya mmoja, aliyelala vizuri kuliko wote, akampa tone moja la dawa iliyobaki chupani. Moja. Panya aliinuka akaurudia ulimi kana kwamba hajawahi kuacha. Habari za maji kwenye vizimba vya sabuni na za tone lile nilizipeleka nyumbani nikamwambia Ramadhani bila kuzipamba. Sitasema mume wangu alipona. Neno hilo Daktari hakuwahi kulitumia kwa panya hata mmoja.

Ikaja Idd. Baada ya sala tulitakiwa kwenda kumwamkia mjomba wake, na mjomba alikaa Kawempe, mbele ya mstari wetu wa zamani. Nikasema tuzunguke nyuma. Ramadhani alikuwa na kanzu mpya, Rehema mabegani. Akasema, "Hapana. Leo tupite palepale." Nilimtazama, nikamwona amekwisha kuamua.

Mama Faida alikuwa nje, amevaa vizuri, wageni wawili tayari wamekaa. "Yaa, Baba Rehema!" alipaza sauti. "Umetutupa kabisa! Njoo, ya sikukuu hatulipishi. Kidogo tu, ya kulowesha ulimi."

Alisimama. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Niliona shingo yake, mishipa imetoka, na miguu midogo ya Rehema inampiga kifuani.

"Nipe maji," alisema.

"Nini?"

"Maji. Ya mtungini."

Wale wanaume wawili wakaangua kicheko. Mmoja akasema jeshi limemharibu. Mama Faida akaingia ndani, nami nikasogea nikasema, si kwa upole, "Mteremshe mtoto kwanza." Akamteremsha. Nilimbeba Rehema kiunoni, miguu yangu imeelekea barabarani, nikatazama kikombe kinavyotoka mlangoni, nikanyoosha shingo ninuse. Yalikuwa maji. Ramadhani akayanywa palepale amesimama, polepole, macho wazi, pale alipokuwa akikaa kila Jumamosi. Akarudisha kikombe.

"Ongeza."

Cha pili akakinywa. Akaomba cha tatu. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wale wawili walikuwa wanamtazama kama mtu anayebeba kitu kizito kupanda ngazi. Mama Faida alinikaribia akaniuliza kwa sauti ya chini, na alikuwa ana huruma kweli, "Mume wako anaumwa?"

"Haumwi," nikamjibu. "Ana kiu." Nikamhamishia Rehema kiunoni upande wa pili, nikamngoja mume wangu amalize.